Panya Hufa Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Tauni

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu tauni iliyopiga Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati katikati ya karne ya 14. Ilikopita, mara nyingi iliondoka na theluthi ya watu, na kwingine zaidi ya nusu. Barua zimekuja kwa wingi, nyingi kutoka mikoa ya Kigoma na Tabora. Tunajibu saba.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tabora. Mliandika kwamba tauni ilikuwa kwenye bandari za Bahari Nyeusi mwaka 1346 na ikafika Moscow mwaka 1353. Treni hazikuwapo, malori hayakuwapo. Ilieneaje Ulaya yote kwa miaka saba?

JIBU: Marahaba. Tauni ile ilikuwa na mwendo wa aina mbili. Kwa meli ilikwenda kiasi cha kilomita 40 kwa siku. Kwa nchi kavu ilikwenda kilomita moja au mbili tu, na mahali pengine hata kilomita haikutimia. Ukiweka tarehe juu ya ramani utaiona ikiruka kutoka bandari hadi bandari, kisha kutoka kila bandari inatambaa kuingia bara. Constantinople iliipata mwaka 1347, na Alexandria mwaka huohuo. Messina, kisiwani Sicily, ni Oktoba 1347. Marseille, kabla mwaka haujaisha. Venice na Genoa, Januari 1348. Pwani ya kusini ya Uingereza, katikati ya 1348. Bergen, huko Norway, 1349. Moscow iko karibu na Bahari Nyeusi kuliko London, lakini ilikuwa ya mwisho, kwa sababu ugonjwa ulizunguka kwanza kwa bahari upande wa magharibi ndipo ukaingia Urusi.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka ni hesabu ya siku. Tauni ni ugonjwa wa panya kabla haujawa wa watu. Kiroboto wa panya, Xenopsylla cheopis, akinyonya damu ya panya mgonjwa, humeza bakteria waitwao Yersinia pestis. Bakteria hao huzaliana na kuganda mbele kidogo ya tumbo lake mpaka njia inaziba. Damu haipiti, kiroboto anabaki na njaa, anauma tena na tena, na kila anapouma anatapika kipande cha ule mgando mahali alipouma. Kundi la panya wa nyumba moja huisha kwa siku 10 hadi 14. Viroboto waliobaki bila panya huvumilia kama siku 3, kisha humrukia binadamu. Mtu aliyeumwa hukaa siku 3 hadi 5 kabla ya homa kuanza, na asipopona hufa baada ya siku nyingine 3 hadi 5. Jumlisha: tangu panya mgonjwa aingie mjini mpaka maiti ya kwanza ni takriban siku 23.

Katika siku hizo 23 nahodha ameshalipwa, mzigo umeshauzwa, na meli iko bandari nyingine inashusha. Ndiyo maana watu wa wakati ule hawakuona uhusiano wowote kati ya meli na vifo. Oktoba 1348 madaktari wa Chuo Kikuu cha Paris walimwandikia mfalme wao kwamba chanzo ni sayari tatu, Zohali, Mshtarii na Mirihi, zilizokutana Machi 1345 zikaharibu hewa. Tusiwacheke. Bakteria mwenyewe alitambuliwa mwaka 1894 huko Hong Kong na Alexandre Yersin, na kiroboto alishukiwa kwa ushahidi mwaka 1898, na Paul-Louis Simond, huko Karachi.

Kuna ubishi mmoja uujue, maana unaweza kuulizwa. Baadhi ya watafiti wanaona vifo vya Ulaya vilikwenda kasi kuliko panya wanavyoweza kueleza, hasa nchi za kaskazini ambako mifupa ya panya ni michache katika machimbo ya wanaakiolojia. Wao wanawataja chawa na viroboto wa binadamu mwenyewe. Pia kuna tauni ya mapafu, isiyohitaji kiroboto kabisa: mgonjwa anakohoa, aliye karibu anavuta. Guy de Chauliac, daktari wa Papa mjini Avignon, aliziona aina zote mbili mwaka 1348. Aliandika kwamba miezi miwili ya mwanzo watu walitema damu na kufa ndani ya siku tatu. Baadaye wakaanza kutoka mitoki kwapani na kinenani, na hao walikufa ndani ya siku tano. Sisi tunaona hakuna haja ya kuchagua njia moja. Panya wanaeleza jinsi ugonjwa ulivyoruka bahari. Njia nyingine zinaeleza jinsi ulivyomaliza nyumba.

SWALI: Nafanya biashara ya mahindi na dagaa kwa maboti, Kibirizi, Kigoma. Nilisoma mahali kwamba tauni iliingia Ulaya kwa sababu Watatari walirusha maiti ndani ya mji wa Caffa, bandari ya Bahari Nyeusi. Ninyi mnataja meli. Tushike lipi?

JIBU: Shika meli, ndugu, tena meli za nafaka.

Habari ya maiti kurushwa kwa mitambo ya vita iliandikwa na Gabriele de' Mussi, mwanasheria wa Piacenza, Italia, ambaye hakuwapo Caffa. Hata kama maiti zilirushwa kweli, njia hiyo ni mbovu kwa ugonjwa huu: kiroboto huuhama mwili mara unapoanza kupoa. Kilicho wazi zaidi ni biashara. Tangu mwaka 1343 khani (mtawala) wa Watatari, Jani Beg, alikuwa na ugomvi na wafanyabiashara wa Genoa na Venice, na nafaka ya Bahari Nyeusi ikawa haitoki kama kawaida. Italia nayo ilikuwa na njaa miaka ya 1346 na 1347. Ugomvi ulipopoa mwaka 1347, meli zikajazwa ngano kwa haraka zikaondoka, na tauni ikaonekana kwenye zile bandari zilizokuwa zikisubiri chakula.

Nafaka ndiyo gari zuri kuliko yote kwa sababu inambeba panya, inamlisha njiani, na viroboto huishi kwenye vumbi la pumba hata panya akifa. Nguo nazo zilibeba viroboto. Mji wa Pistoia ulitoa amri Mei 1348: raia wasiende Pisa wala Lucca, na nguo kuukuu za kitani au sufu zisiingizwe mjini. Kaburi lilipaswa kuchimbwa kina cha dhiraa mbili na nusu za kwao, karibu mita moja na nusu, na kengele za misiba zilikatazwa ili wagonjwa wasipate hofu. Ni amri za busara kwa watu wasiojua kuhusu viroboto, lakini panya hakuzisoma.

Waliopata karibu na ukweli ni watu wa Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik. Julai 1377 waliamua kwamba anayetoka sehemu yenye tauni akae siku 30 nje ya mji, kwenye kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat, kabla ya kuruhusiwa kuingia. Rudi kwenye hesabu ya siku 23 hapo juu uone kwa nini 30 zilitosha mara nyingi. Kasoro ilikuwa mizigo: ikiruhusiwa kushushwa mapema, karantini ya watu inakuwa kazi bure. Venice iliweka kisiwa maalumu cha wagonjwa wa tauni mwaka 1423.

Kwa biashara yako mwenyewe: meli kubwa zikifunga bandarini huvishwa sahani za bati kwenye kamba, upana kama sentimita 90, ili panya asipande wala kushuka. Boti ya mbao haina hizo, lakini ghala la ufukweni unalo. Panga magunia juu ya chaga, acha nafasi ya nusu mita au zaidi kutoka ukutani ili uweze kupita na kufagia, na usiache gunia lililopasuka likalala usiku. Panya wa nyumbani anapanda kamba na boriti kwa urahisi kuliko anavyochimba, basi kagua darini kabla ya sakafuni.

SWALI: Mimi ni mzee wa Ujiji. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, je, aliikuta tauni? Na miji ya Kiislamu ilifanya nini tofauti na ya Wazungu?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Aliikuta uso kwa uso, miaka 17 baada ya Kilwa. Mwaka 1348 alikuwa Sham akirejea kutoka Mashariki. Damascus alishuhudia watu wakifunga siku tatu, kisha wakatoka pamoja kwa maombi: Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wanawake kwa watoto. Anaeleza kwamba huko vifo havikufika 2,000 kwa siku, ila Cairo na Cairo ya Kale vilifika 24,000. Hiyo ya Cairo ichukulie kama sauti ya kilio, si daftari la mazishi. Mji wenyewe haukuwa na watu wa kutosha kwa hesabu hiyo kuendelea. Alipokaribia kwao Morocco alipokea habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni.

Waislamu walikuwa na mfano wa zamani zaidi. Tauni ya Amwas, Palestina, mwaka wa 18 Hijria, iliua masahaba wengi, akiwamo Abu Ubayda. Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda Sham, akapata habari njiani akageuza msafara. Abu Ubayda alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Hadithi inayofahamika ni hii: msiingie nchi yenye tauni, na ikiwakuta ndani msitoke kuikimbia. Ukiitazama kwa macho ya bwana afya, nusu zote mbili zina kazi, kwa kuwa anayekimbia hubeba ugonjwa kabla hajajisikia mgonjwa.

Hata hivyo wanavyuoni hawakukubaliana kama ugonjwa unaambukiza. Ibn al-Khatib wa Granada alisema waziwazi kwamba unaambukiza, akataja nguo, vyombo, hata hereni, na kwamba walio mbali na wagonjwa husalimika. Ibn al-Wardi wa Aleppo aliandika juu ya tauni hiyo, nayo ikamuua mwaka 1349. Ibn Khaldun, aliyekuwa kijana Tunis, alifiwa na wazazi wake wote wawili.

SWALI: Mwalimu wa Historia, Nzega. Wanafunzi wangu wanaandika katika mitihani kwamba "tauni ilimaliza ukabaila". Niwape alama?

JIBU: Wape nusu, Mwalimu, na uandike pembeni "wapi?"

Kwa Uingereza hoja ina mashiko. Mwanzoni vitu vilishuka bei kwa sababu wanunuzi na wachungaji walikuwa wamekufa. Henry Knighton, mtawa wa Leicester, anasema farasi wa shilingi 40 alipatikana kwa shilingi 6 na peni 8, na kondoo walitangatanga mashambani wasiwe na mwenyewe. Kisha ukaja msimu wa mavuno. Knighton anasema mvunaji hakupatikana chini ya peni 8 kwa siku pamoja na chakula, wala mkata nyasi chini ya peni 12. Serikali ilitoa amri Juni 1349, ikaifanya sheria ya bunge mwaka 1351: ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni. Mvunaji alipwe peni 2 wiki ya kwanza ya Agosti na peni 3 wiki ya pili. Mkata nyasi peni 5 kwa siku. Linganisha peni 2 na peni 8 utaona kwa nini sheria hiyo ilivunjwa na vibarua na waajiri pia. Bwana mwenye ngano inayopukutika shambani hangojei hakimu.

Mvutano huo ni mmoja wa mizizi ya uasi wa wakulima wa mwaka 1381. Uasi ulizimwa, lakini ule utwana wa kumfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana ulinyong'onyea polepole katika miaka mia iliyofuata. Kilichosaidia ni kwamba tauni ilirudi, 1361, 1369, tena miaka ya 1370, na idadi ya watu haikupata nafasi ya kujaa. Pigo moja pekee lingezibwa na kizazi kimoja cha watoto wengi.

Sasa vuka uende Misri. Ugonjwa uleule, mwaka uleule, vifo vinavyolingana. Huko mapato ya vijiji yalikuwa mikononi mwa maamiri wa Kimamluki, yaani makamanda wa jeshi lililotawala Misri, walioishi Cairo. Hawakuwa mabwana shamba wenye kujadiliana na mkulima mmoja mmoja. Walichotaka ni mapato yaleyale ya jana kutoka kwa wakulima waliobaki. Wakulima wakakimbia. Kilimo cha Nile nacho si kama cha mvua: kila mwaka kabla ya mafuriko lazima maelfu ya watu wazibue mifereji na kuimarisha matuta. Mikono ikipungua, mfereji unajaa tope, kijiji cha chini hakipati maji, nacho kinahamwa. Basi Uingereza uhaba wa watu uliacha ardhi nzuri kwa waliobaki, na Misri uhaba huohuo uliiharibu ardhi yenyewe. Mashariki ya Ulaya, kama Poland na Prussia, mabwana walijibu kwa kukaza kamba, na karne za 15 na 16 utwana ukawa mkali zaidi kuliko kabla ya tauni.

Ukitaka swali zuri la mtihani, uliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumzuia kibarua asiondoke.

SWALI: Ile picha ya daktari mwenye kinyago cha mdomo wa ndege ni ya tauni hiyo? (Sikonge)

JIBU: Hapana. Vazi hilo ni la karne ya 17. Ukiliona kwenye kitabu kinachoeleza mwaka 1348, jua mchoraji alikosa karibu miaka 300.

SWALI: Babu alitusimulia kwamba misafara ya Unyanyembe ilileta maradhi mengi. Je, tauni ya Zama za Kati ilifika Tabora kwa misafara hiyo? (Tabora mjini)

JIBU: Misafara hiyo ya pembe na watumwa ni ya karne ya 19, kwa hiyo haiwezi kuhusika na mambo ya 1348. Babu hakukosea kuhusu maradhi: ndui na kipindupindu vilisafiri na misafara, na miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe. Kuhusu tauni, iliyothibitishwa mapema kwa upande wetu ni ile ya Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ambayo Robert Koch aliitolea taarifa mwaka 1898. Baadaye Lushoto iliandamwa kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia 1980, na Mbulu ikapata mwaka 2007. Ni wilaya za milimani zenye baridi, na hilo linaendana na tabia ya kiroboto: joto likipanda sana, ule mgando tumboni mwake haushiki vizuri.

SWALI: Nawasalimu. Mimi ni mama wa Kasulu. Nimeokota panya watatu waliokufa karibu na kihenge na sikuweka sumu. Niogope?

JIBU: Usiogope, mama, ila usiwashike. Panya hufa kwa mambo mengi, pamoja na sumu ya jirani. Kinachotia shaka ni panya wengi kufa ndani ya siku chache bila sumu, hasa kukiwa na mtu mwenye homa kali ya ghafla.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko kazi yenyewe. Wengi hukimbilia sumu ya panya, na hapo ndipo wanapokosea: ukiua panya kwanza, viroboto wote wanabaki na njaa, na mwenyeji aliye karibu ni wewe. Ua viroboto kwanza. Mwambie bwana afya wa kata akuelekeze dawa ya unga, uinyunyize kwenye mashimo, njia za panya na sakafu ya nyumba. Panya waliokufa wanyunyizie dawa hiyo palepale kabla ya kuwasogeza, waache kidogo, kisha wachukue kwa koleo au mfuko wa plastiki ulioupindua mkononi. Usiwazike wala kuwachoma kabla bwana afya hajasema, maana huenda akataka sampuli. Mitego na sumu hufuata baada ya hapo. Kihenge chenyewe kinyanyue kama mita moja kutoka chini, vika kila mguu bati laini lililokunjwa kama faneli iliyoinama chini, na kata matawi yanayokigusa.

Dalili kwa mtu ni homa ya ghafla, kutetemeka, kichwa kuuma sana, na uvimbe wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Akikohoa damu ni hatari zaidi, kwa aliye karibu naye pia. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mweleze mganga habari za panya bila kungoja kuulizwa. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua watu 30 hadi 60 katika kila 100, na ya mapafu karibu wote. Lakini antibayotiki za kawaida kama gentamicin na doxycycline huitibu, mradi zianze mapema. Kwa ile ya mapafu, mapema maana yake ni ndani ya saa 24. Waliomuuguza hupewa dawa za kinga kwa siku 7.

Na paka aliyekuwa akila panya hao asilale na watoto kwa sasa. Paka naye huugua tauni, tena huweza kumwambukiza mtu kwa kumkwaruza, kumng'ata au kumkoholea.